Maji ya Betri Juu ya Bur Madow

Siku mliyoniaga pale ofisini Garissa mlinipa leso mbili na keki, na mkubwa wa idara akasoma hotuba ambayo bila shaka iliandikiwa mtu mwingine, maana ilinisifu kwa miaka mingi ya udereva mwema. Sikuchukia. Lakini soda zilipokwisha, mmoja wenu akaniuliza kwa nini mafundi wa zamani wakitajiwa mlima wa Bur Madow hubadilisha mazungumzo. Nilimwambia nitaandika, kwa sababu kusema nisingeweza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilipangiwa Garissa nikiwa msichana wa Mwingi mwenye cheti kipya cha ufundi wa redio na sanduku la bati. Nilipanga chumba mtaa wa Galbet, chini ya mabati yasiyo na dari, na jirani yangu, mama mmoja muuza maziwa, akanifundisha kumwaga maji sakafuni kabla ya kulala. Ndilo somo la kwanza nililopata kazini, na halikutoka chuoni.

La pili nilipewa na Bwana Mwakio, fundi mkuu wa karakana. Alikuwa Mtaita mfupi mwenye miguu ya mtu aliyekulia mlimani na ulimi wa pilipili. Cheti changu hakukitazama. Alinisogezea betri kubwa kuukuu, akanipa kile kipimo cha kioo chenye kielea ndani, akaniambia nipime asidi yake kisha nimwambie kama betri ni nzima au mgonjwa. Nikapima, nikasema ni nzima.

“Imekufa tangu mwaka jana,” akasema. “Ila ina adabu, haijaanza kunuka.”

Kwa Mwakio nilijifunza kuvua bangili kabla ya kushika spana, na kuizungushia spana yenyewe utepe ili isiguse ncha mbili kwa pamoja ikanichoma mkono. Nilijifunza kupaka ncha za betri mafuta ya kujipaka ili zisiote kutu. Zaidi ya yote alinifundisha habari ya maji. Joto la huku hukausha betri haraka, na kila maji ya ndani yanapopungua lazima ziongezwe maji ya betri, yale ya dukani yasiyo na kitu chochote ndani yake. Si ya bomba, si ya mto Tana, si ya kisima. Kwa nje maji ni maji, alisema, lakini betri ina tumbo la mtoto mchanga. Nilicheka, nikaandika, nikapita.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ripita, yaani ile redio inayokaa mahali pa juu, ikapokea sauti ya kituo kimoja na kuirusha tena mpaka kituo kingine. Tulikuwa na kadhaa, na iliyokuwa mbali kuliko zote ilikaa juu ya Bur Madow, ng’ambo ya mji wa Eldas, kwenye nyika ambayo mtandao wa simu haujafika hata leo ninapoandika. Chini ya mlima kulikuwa na kijiji na zahanati ya muuguzi mmoja. Muuguzi akibonyeza redio yake, sauti ilipanda mlimani, ikateremka Eldas kwenye gari la wagonjwa. Kila asubuhi vituo viliitana kwa majina, na taarifa ikatufikia sisi Garissa. Kituo kisipoitikia, tulijua kuna kazi.

Mara ya kwanza Mwakio aliponipeleka, nilitazama kutoka kwenye gari nikaona jiwe jeusi limesimama peke yake katikati ya nchi tambarare. Watu wa kwetu wangeliita kilima. Lakini nyie mtakaoupanda msidanganyike kwa urefu. Jiwe lenyewe huwaka, na ukishika mwamba saa nne asubuhi unaacha ngozi. Tulianza kabla jua halijachomoza, midomo imefungwa, kwa sababu Mwakio aliamini anayepanda huku anaongea hufika juu na nusu ya pumzi. Sehemu ya chini ni changarawe inayoteleza. Katikati kuna bega la mlima ambapo punda hufika, na kutoka hapo mizigo hupanda mgongoni mwa mtu, kupitia ufa mwembamba ambao lazima uupite ubavu ubavu. Nilitapika mara moja kwenye ule ufa. Mwakio aliniambia wengi hutapikia pale, nisijione wa pekee.

Mwenye punda alikuwa Adeer Gedi, mfugaji wa ngamia wa pale kijijini. Adeer kwa Kisomali ni ami, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Yeye aliniita abaayo, dada, tangu siku ile, na hakuna aliyeona ajabu ila mimi. Kiswahili alikijifunza sokoni Wajir akiuza ngamia, na p zake zote zilikuwa b. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu nyekundu za hina, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Binti yake wa mwisho, Halima, wakati ule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Tuliposhuka alikuwa ametuchemshia chai ya maziwa ya ngamia, tamu kupita kiasi, akasimama kando kuona kama nitaimaliza. Niliimaliza. Akaanza kuniita eddo, yaani shangazi, na akaendelea hivyo miaka yote.

Juu ya kilele kulikuwa na kibanda cha bati kisichotosha watu watatu, mlingoti, paneli za sola, na betri zimepangwa ubaoni. Unafungua vifuniko, unachungulia kwa tochi, unapima, unaongeza maji mpaka alama, unafunga. Adeer Gedi alibeba mitungi ya maji ya betri kutoka kwenye bega la mlima mpaka juu na hakukubali nimsaidie. Halafu alichuchumaa mlangoni akitazama. Alitazama hivyo kila safari, hata Mwakio alipostaafu akaenda zake Taita, nami nikabaki fundi wa mlima.

Siku moja aliniuliza kama betri ikikosa maji hufa kweli. Nikamwambia hufa.

“Kama ngamia,” akasema.

Nikamtania kwamba ngamia huvumilia zaidi. Akatikisa kichwa, akanieleza desturi yao. Ngamia aliyepotea akifika kisimani na kiu, unamnywesha kwanza, hata kama ni wa adui yako. Ni wa nani, katoka wapi, hayo utauliza akishakunywa. Mwenye kumwacha mnyama na kiu mbele ya maji, alisema, hana dini.

Ilikuwa miaka mizuri ile, na ninaitaja haraka kwa sababu inaniuma. Adeer Gedi akawa mlinzi wa ripita bila mtu kumwandika. Alipanda kufuta vumbi kwenye paneli na kufukuza nyani waliopenda kung’oa nyaya. Mlango haukuwa na kufuli, na hakuna hata msumari uliowahi kupotea. Halima akakua, akaolewa palepale kijijini, akazaa mtoto wa kiume.

Kisha ukaja ukame, na pamoja nao barabara ikafungwa kwa sababu za usalama. Mtakumbuka. Gari la ofisi halikuruhusiwa kupita Eldas bila askari wa kulisindikiza, na askari walikuwa na kazi nyingine. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza kwamba betri za Bur Madow zinakauka. Akaniambia nivute subira. Nikarudi tena, akaniuliza kama nataka kufa. Nilirudi mpaka karani wake akawa ananiona kutoka mbali anaanza kutikisa kichwa. Nyumbani nilikuwa nikihesabu joto. Ninajua jua linafanya nini kwenye kibanda kile, na kila wiki nilijua maji yamefika wapi ndani ya betri, kana kwamba nachungulia kwa tochi.

Kila asubuhi nilisikiliza taarifa. Sauti ya zahanati ilizidi kukwaruza, ikawa inakatika jua likishazama. Halafu, asubuhi moja, taarifa ikaja kwamba Bur Madow inasikika safi, kama zamani. Nilishangaa. Nilidhani labda mvua imenyesha huko, joto limepungua. Nilimshukuru Mungu, Jumapili nikatoa sadaka ya shukrani kanisani. Wiki chache baadaye kituo kikanyamaza kabisa.

Askari walipatikana baada ya hapo. Ndivyo mambo yetu yalivyo, mgonjwa akifa ndipo daktari hupata nauli. Nilipakia betri mpya na mitungi ya maji, tukasafiri. Njia nzima kulikuwa na mizoga ya ng’ombe, ngozi imekaukia mifupani, na dereva akaacha kuwasha redio ya muziki bila mtu kumwambia.

Tulifikia zahanati. Muuguzi alikuwa Kiprono, kijana wa Kericho ambaye nilimzoea kwa sauti kuliko kwa sura. Alinipa kiti, akabaki amesimama. Aliniambia Halima amekufa.

Alikuwa ameenda kuokota kuni, akaumwa na yule nyoka mdogo wa kwenye mawe, anayejikunja akatoa sauti kama mafuta kwenye kikaango. Si nyoka anayeua papo hapo. Humwacha mtu akitoka damu kwenye fizi, puani, kwenye kila kidonda cha zamani, kwa siku nzima na zaidi, na dawa yake ilikuwepo hospitali ya Eldas. Gari lingefika na kurudi na muda ungebaki. Kiprono alishika redio akaita, akaita, hakuna kitu, hata ule mlio wa kuonyesha sauti imefika mlimani. Akatuma mtu kwa pikipiki, pikipiki ikaishiwa petroli njiani, na mtu yule akaendelea kwa miguu. Gari lilipofika, walikuwa wameshamzika.

“Baba yake alikuwa hapa, Madam,” Kiprono akasema. “Kila nikiweka redio chini alikuwa ananiambia, ita tena. Ita tena, juu iko na maji, mimi nimepeleka.”

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilifikiri ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

Nilikwenda nyumbani kwake kutoa pole. Alinipokea kwa utulivu wa watu wa huku, akasema ni amri ya Mungu, akauliza tutapanda lini. Nilimwambia apumzike, nitatafuta mwingine wa kubeba. Akaniangalia kama niliyemtukana. Kesho yake, giza likiwa bado, alikuwa mlangoni kwa Kiprono na punda wawili.

Tulipanda kimya. Kwenye ule ufa mwembamba alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, kisha akauachia. Juu, paneli zilikuwa safi, zimefutwa. Nikafungua kibanda, nikafungua kifuniko cha betri ya kwanza.

Ilikuwa imejaa. Si mpaka alama, bali mpaka juu kabisa, na pembeni mwa kifuniko kulikuwa na ukoko mweupe. Nikafungua ya pili na ya tatu, zote zilikuwa vilevile. Nilichovya kidole kwenye ule ukoko, nikajua ni nini kabla sijauonja. Kwa muda nilibaki nimechuchumaa mle ndani, tochi mkononi, kwa sababu nisingeweza kugeuka.

Yeye alikuwa mlangoni, mahali pake. Akaanza kunieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Alinisubiri mwezi baada ya mwezi. Akasikia Kiprono analalamika kwamba redio inakufa kwa kukosa maji. Wakati huo maji ya nyumba yake yalikuwa yanagawanywa kwa kikombe, na ndama wawili walikuwa wameshakufa. Hata hivyo alipanda na mtungi mmoja mgongoni, bila punda, maana punda walikuwa hawana nguvu, akazinywesha zote kama alivyoniona nikifanya. Na redio ikapona. Aliposema hivyo sauti yake ikapanda kidogo. Kijiji kizima kilijua kwamba ni yeye aliyeiponya.

“Maji tamu nilikuwa nayo kidogo nyumbani,” akasema. “Lakini hiyo si ya mgonjwa. Ngamia ikiisha nguvu, unabeleka kisima ya chumvi. Mbali, siku moja kwa mguu. Chumvi inarudisha nguvu. Mimi nimeenda huko, abaayo. Nimebatia betri maji ya nguvu.”

Ni kweli kwa ngamia. Kila mfugaji huku anajua kwamba ngamia asipopata chumvi hudhoofika. Alikuwa ameyachagua maji yale kwa mapenzi, akapita kisima cha karibu, akatembea siku nzima kwenye jua lile kutafuta yaliyo bora kuliko yote anayoyajua. Yalipoingia, yalifunika mabamba ya ndani yaliyokuwa yamekauka, betri zikafufuka kwa wiki chache. Ndiyo ile sauti safi niliyoitolea sadaka. Halafu chumvi ikala mabamba. Bila maji yake zingekwaruza na kukatikakatika, lakini mchana, jua likiwa juu ya paneli, huenda zingepeleka mwito mmoja. Mmoja ungetosha. Hakuna mtu aliyewahi kumkataza, kwa kuwa haikumpitia mtu kichwani kwamba katika mwaka kama ule kuna binadamu angetoa maji yake kuinywesha redio.

Akaniuliza, “Mbona imekufa?”

Nilimwambia ni uzee. Betri zimechoka, zimemaliza siku zake.

Nikatoa zile kuukuu, nikapanga mpya, nikazungushia spana yangu utepe mpya kama mwanafunzi. Na nilipokuwa nafunga nyaya nikaona shimo nililojichimbia. Betri mpya zilikuwa za aina ileile ya kuongezwa maji. Ofisi ilikataa kununua zile zisizofunguliwa. Barabara ingefungwa tena, hilo halikuwa na shaka, na mzee huyu angengoja, kisha angechukua mtungi. Nikimwambia asiziguse, ataniuliza kwa nini. Nisipomwambia, kuna binti wa mtu mwingine kule chini.

Kwenye begi langu kulikuwa na kufuli la sanduku la vifaa. Nilitoka nje, nikavuta mlango, nikalipitisha kwenye komeo, nikalifunga. Nilijitahidi kulifanya jambo la kawaida. Nikasema ni amri mpya ya Garissa, kila kibanda kifungwe, kwa ajili ya wezi.

Adeer Gedi alilitazama lile kufuli. Alikuwa ameulinda mlango ule miaka na miaka, na wezi hawakuwepo, maana kila mtu wa pale alimjua kwa jina la baba yake. Alilitazama muda mrefu, kisha akaangalia ule ukoko mweupe kwenye betri kuukuu nilizozitoa nje. Akainama, akaugusa, akaweka kidole ulimini.

“Ni maji yangu,” akasema. Hakuwa anauliza.

Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia namna ile hawezi kumdanganya hata mtoto. Akakaa chini kwenye mwamba, akavuta kikoi chake kichwani, akajifunika uso. Jua lilitupanda, jiwe likaanza kuwaka, na bado alikaa. Mwishowe akainuka, akafunga betri zile zilizokufa mgongoni kwa kamba, moja baada ya nyingine akazishusha mpaka kwenye bega la mlima walipokuwa punda, na hakukubali niguse hata moja.

Niliendelea kwenda Bur Madow mpaka mwaka wa kustaafu, kila barabara iliporuhusu. Kila mara alikuja na punda. Alibeba maji ya betri mpaka juu, akayaweka chini mbali na kibanda, akakaa amekipa mgongo mpaka nimalize. Kijijini aliwaambia watu mwenyewe jinsi maji yake yalivyoiua redio. Kiprono alisema alisimama baada ya sala ya Ijumaa akalitamka mbele ya wanaume wote, na mume wa Halima akahama na mtoto. Wengine walimsamehe. Wengine waliacha kumwalika.

Safari ya mwisho nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimeshaona kwamba ofisi haitapeleka mtu mara kwa mara, kwa hiyo nikafanya niliyopaswa kufanya miaka yote. Nilimwachia mitungi iliyojaa, ile ya dukani, nikamweleza taratibu, hii peke yake, mpaka alama peke yake. Hakuna mtu duniani angelifuata agizo lile kuliko yeye. Nikamwekea ufunguo kiganjani.

Akaufunga mkono wangu juu ya ufunguo, akaurudisha kwangu.

“Beleka Garissa,” akasema. “Mimi usiniache na mlango wazi.”

Nilimsihi. Nilimwambia mlima hauna mtu mwingine. Akanijibu kwamba anajua, akaenda kufungua punda.

Basi ufunguo uko hapo karakana, kwenye msumari karibu na swichi ya taa, na mnaupita kila siku. Mitungi niliyomletea imo ndani ya kibanda kile, nyuma ya kufuli, hatua chache kutoka kwa betri. Nimeuliza, nikaambiwa tangu niondoke hakuna gari lililokwenda. Jana nilimpigia mmoja wenu simu kuuliza taarifa ya asubuhi. Akasema Bur Madow imeanza kukwaruza.